Akili bandia na ripoti ya mradi: Yanayompasa msafirishaji wa Nakivale kujua

Kwa vikundi vinavyopeleka mazao Mbarara kutoka Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kazi haimaliziki gunia linaposhushwa kwenye lori. Pale mnunuzi au mfadhili anapolipa kwa awamu, hutaka kwanza ripoti ya maendeleo ya mradi: nini kimefanyika, nini kimekwama na nini kitafuata. Ripoti ikichelewa, malipo nayo huchelewa, na dereva na wapakiaji hubaki wakisubiri.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi kutoka Rwanda, na sasa wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sokoni wengi wao huelewana kwa Kiswahili, lakini ripoti za miradi mara nyingi hutakiwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo programu za akili bandia zinaposaidia. ChatGPT, kwa mfano, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022. Mtu anaweza kuiandikia maelezo kwa Kiswahili kwenye simu, naye akapata ripoti ya Kiingereza kwa dakika chache.

Inajua lugha, haijui safari

Programu hizi hupanga maneno kwa kufuata mifano ya maandishi mengi zilizofunzwa nayo. Hazikuwepo ghalani wala barabarani. Zikikosa habari, zinaweza kujaza pengo kwa maneno yanayosikika kuwa ya kweli.

Hata makampuni makubwa yameumia. Oktoba 2025, kampuni ya Deloitte nchini Australia ilikubali kuirudishia serikali sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo. Ripoti hiyo, ambayo akili bandia ilitumika kuiandaa, ilikuwa imetaja marejeo yasiyokuwepo.

Mfano wa magunia 300

Chukua mfano wa kikundi kilichoahidi magunia 300 ya mahindi, kila moja kilo 100. Kufikia Ijumaa, magunia 240 yamefika Mbarara. Ghalani, 12 yanakataliwa kwa kuwa na unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Lori la mwisho lilikwama matopeni siku mbili.

Mwandishi wa ripoti akiiambia programu "tumepeleka magunia 240 kati ya 300" na kuishia hapo, itaandika kwamba kazi imefikia asilimia 80. Lakini hati ya ghala inaonyesha magunia 228 yaliyopokelewa, yaani asilimia 76. Mnunuzi akiona hesabu mbili tofauti, ana sababu ya kuzuia malipo hadi zilingane.

Msafirishaji naye anaumia. Kwa ripoti hiyo, mzigo uliobaki ni magunia 60, yaani tani 6, na lori la tani 7 linatosha. Kwa kweli yamebaki 72, sawa na tani 7.2. Lori hilo litaacha magunia mawili nyuma, au litapita mizani likiwa limezidisha uzito.

Hatua za kufuata

Kwanza, daftari. Kila siku yaandikwe magunia yaliyopakiwa, yaliyopokelewa na yaliyokataliwa, namba ya hati ya kupokelea mzigo, na sababu ya kila ucheleweshaji. Hili halihitaji intaneti.

Pili, maagizo yawe wazi. Mfano: "Andika ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza rahisi. Tumia takwimu hizi tu. Usiongeze jambo lisilomo. Palipo na pengo, andika kwamba habari haijapatikana."

Tatu, ripoti isomwe upya kabla ya kutumwa. Kila namba ilinganishwe na hati. Kama mwandishi hajui Kiingereza vizuri, mtu mwingine amsomee. Programu pia hupenda kulainisha mambo: siku mbili za matope zinaweza kugeuka "changamoto ndogo za usafiri". Irudishwe tarehe, idadi ya siku na sababu yake, kwa kuwa mkataba ukiwa na faini ya kuchelewa, maelezo hayo ndiyo utetezi wa msafirishaji.

Nne, siri za watu zilindwe. Majina ya wakulima, namba za simu na namba za vitambulisho vya wakimbizi zisiingizwe kwenye programu. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Ripoti inaweza kusema "wakulima 40", na orodha ya majina ikabaki ofisini kwa kikundi.

Anayetia saini ndiye anayeulizwa

Mnunuzi wa Mbarara akipata kosa, hataiita programu kujieleza. Atamwita aliyetia saini. Kwa sababu hiyo, mwenye mzigo na mwenye lori wanashauriwa kuisoma ripoti pamoja, daftari likiwa wazi mezani, kabla haijatumwa.