Maji ya Uani Wakati wa Joto

Huku kwetu Zirai, Usambara Mashariki, maji hatuyapozi. Yanatoka kwenye chemchemi chini ya miti mikubwa, na asubuhi ya mwezi wa saba mtoto akinawishwa uso hulia kwa baridi. Kazi yetu ni kuyapasha moto. Ndiyo maana binti zetu wanapoolewa Muheza, Korogwe au Tanga mjini tunawafunda mengi ya ndoa na ya jikoni, lakini hatuwaambii hata neno moja juu ya maji ya moto ambayo hakuna mtu aliyeyapika.

Jambo hilo tulijifunza mwezi wa Februari, tulipoteremka akina mama watatu kumtazama binti yetu aliyejifungua Tanga. Tulifika saa nane mchana. Uani palikuwa na tangi jeusi la plastiki juu ya matofali, na bomba jeusi lilitambaa juu ya mchanga mpaka mlangoni mwa bafu. Binti yetu alikuwa ameinama, beseni limejaa maji, mtoto wa miezi minne yuko mkononi, ameshavuliwa nguo.

"Karibuni mama zangu," alisema. "Samahani, mtoto amelia tangu asubuhi. Nataka nimwogeshe apoe."

Mama yake mzazi, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza amekuwa bibi wa kumpakata mjukuu, aliweka mzigo wa ndizi chini, akachovya kiwiko katika beseni. Alikitoa upesi.

"Mwanangu, nani amechemsha maji haya?"

"Hakuna, mama. Ni ya bomba."

Hatukucheka. Kiwiko kile kilimwasha mpaka jioni. Tukajiuliza: je, tungechelewa njiani kwa dakika tano tu?

Jua ni moto usio na moshi

Tangi jeusi hufyonza joto la jua, na bomba jembamba lililolala juani hufyonza zaidi, kwa kuwa maji yaliyomo ni machache na yamesimama. Maji ya namna hiyo yanaweza kufika nyuzi 60, na kwa joto hilo ngozi ya mtoto mchanga huungua kwa sekunde chache tu. Mwaka 2016 huko Arizona, Marekani, mama mmoja alikuwa akijaza kidimbwi cha kuchezea uani kwake. Maji ya kwanza yaliyotoka katika mpira wa bustani yalimrukia mtoto wake mchanga na kumwunguza vibaya. Mama yule hakuwa mzembe. Alidhani, kama binti yetu alivyodhani, kwamba maji ya bomba ni baridi siku zote.

Basi dada mpenzi, shika kanuni hii ya kwanza. Wakati wa jua usimwekee mtoto mwili chini ya bomba au mpira. Fungulia maji ya kwanza yaingie katika ndoo, uyaache yapoe, utafulie au umwagilie mboga. Kisha jaribu kwa kiwiko, maana kiganja cha mama aliyezoea sufuria hakisemi kweli. Ikitokea ajali, mwagia mahali palipoungua maji safi ya kupoa kwa dakika 20, si barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi na kumpeleka mtoto kituo cha afya. Lakini maji hayo ya kupoa utayapata wapi, ikiwa tangi zima linachemka? Hapo ndipo tunapofika kwenye somo letu.

Mto Zigi hukusanya maji ya milima hii yetu, ukateremka nayo mpaka bwawa la Mabayani, na kutoka huko watu wa Tanga hupata maji yao. Maji yaliyomwasha bibi kiwiko yalianza safari yakiwa baridi chini ya miti. Yaliharibikiwa mwishoni, uani. Na uani ndiko mama anakotawala. Wako watumishi watatu ambao hawadai mshahara wala umeme: kivuli, upepo na usiku.

Kivuli

Kivuli ndicho cha kwanza kwa sababu kuzuia joto ni rahisi kuliko kulitoa. Kama tangi halijawekwa, lipeleke upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Kama limekwisha kuwekwa, lijengee paa la makuti, ukiacha nafasi ya hewa kupita kati ya paa na tangi. Pasheni iliyopandwa chini na kutambaa juu ya fito hufanya kazi hiyo hiyo, tena watoto hupata matunda. Bomba lifukiwe, hata kina cha jembe moja ardhini kina nafuu kubwa. Tena tangi lijazwe kila maji yanapopatikana, kwa kuwa maji mengi huchelewa kupata moto kuliko maji kidogo.

Upepo na mtungi

Mwanamke Msamaria aliyekutana na Bwana wetu kisimani alikwenda na mtungi, na ilikuwa saa sita mchana. Mama zetu nao walikuwa na mtungi kila nyumba, na wafinyanzi wengi wa milima ya Usambara na Upare ni wanawake. Leo mtungi tumeuonea haya, tukaweka ndoo ya plastiki juani.

Siri ya mtungi ni jasho. Udongo una vitundu vidogo mno. Maji hupenya kidogo kidogo, hulowanisha nje, upepo huyakausha, na yanapokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Joto linalochukuliwa si dogo. Robo lita ya maji ikikauka yote huchukua joto la kutosha kupoza lita 10 kwa zaidi ya nyuzi 10, kama joto jingine lisingeingia. Kwa hiyo mtungi uwekwe kivulini, mahali penye upepo, juu ya kigoda au mafiga ili hewa ipite hata chini yake. Usiufungie kabatini, wala usiupake rangi, maana rangi huziba vitundu. Pwani hewa ina unyevu, hivyo mtungi haupozi sana kama Dodoma penye hewa kavu. Hata hivyo maji yake hunyweka vizuri kuliko ya ndoo. Asiye na mtungi aviringishe kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye dumu la maji, aliweke dirishani penye kivuli, na kulowanisha kitambaa kila kinapokauka.

Ubaridi si usafi. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yamiminwe mtungini. Tumia kata yenye mpini mrefu, mkono usiingie. Usugue mtungi kila wiki kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni, kwa kuwa udongo hunyonya sabuni na harufu yake. Anayetumia dawa ya klorini ajue kwamba nguvu yake huisha upesi zaidi katika chombo cha udongo.

Usiku

Usiku ardhi na bati hurudisha joto hewani, na alfajiri ndipo maji huwa baridi kuliko saa yoyote. Kwa hiyo chota maji ya mchana alfajiri. Jaza mtungi na ndoo kabla jua halijachomoza, funika, weka ndani ya chumba chenye kivuli. Mama anayengoja mpaka saa sita ndipo achote, anachota jua.

Wako dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za wageni na majumba yenye bwawa la kuogelea uani. Watumishi hao watatu wanafaa huko pia. Wengi hufunika bwawa kwa plastiki wakidhani wanalikinga na joto, kumbe plastiki inayolala juu ya maji huzuia maji yasikauke, na joto hubaki ndani. Linalofaa ni kivuli kilichoinuliwa juu ya bwawa mchana, na usiku kuacha maji wazi, mashine ikiyarusha juu kama mvua ili hewa iyapoze. Klorini itiwe jioni, kwa sababu jua huiharibu, na ipimwe mara nyingi zaidi siku za joto, kwani maji yenye uvuguvugu huimaliza haraka na kuotesha ukijani. Bwawa lenyewe liwe na uzio na mlango wa kufungwa.

Beseni la watoto

Sisi wengine bwawa letu ni beseni. Siku ya joto hakuna furaha kama ya watoto wawili katika beseni chini ya mwembe, na hatuwezi kuwanyima. Lijaze asubuhi, liweke kivulini, maji yasizidi kimo cha kiganja. Lakini mama akae pale pale. Asiende kugeuza ugali, asimwachie mtoto wa miaka sita kazi ya kulinda wa mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo huzama katika maji machache, hata ya ndoo, na mara nyingi hazami kwa kelele. Mchezo ukiisha, maji yamwagwe mchichani na beseni lifudikizwe.

Tangi na pipa vifunikwe vizuri kwa sababu nyingine pia. Mbu aenezaye homa ya dengi hupenda maji yaliyotulia ya majumbani, na mwaka 2019 ugonjwa huo uliwasumbua watu wa Dar es Salaam na Tanga. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, basi pipa lisuguliwe kila wiki.

Nani apewe maji?

Turudi kwa binti yetu. Bibi alipompokea mtoto, tuliona kikombe kidogo na kijiko juu ya meza. Alikuwa akimnywesha maji, kwa kuwa majirani walimwambia joto la Tanga halivumiliki kwa maziwa matupu. Hapa tunasema waziwazi: mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji, hata Februari, hata Tanga. Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, tena maji safi kuliko yoyote utakayochemsha. Maji ya kijiko hujaza tumbo dogo, hupunguza kunyonya, na huweza kuleta kuharisha. Anayehitaji maji baridi ya mtungi ni mama, ili apate nguvu ya kunyonyesha mara nyingi zaidi.

Aliyepita miezi sita apewe maji kidogo kidogo mara kwa mara, bila kungoja aombe. Tazama dalili: mkojo mchache au wa rangi nzito, mdomo mkavu, macho kudidimia, utosi wa mtoto mchanga kubonyea, kulia bila machozi. Mtoto aliyelegea, anayesinzia bila kuamka vizuri, au mwenye mwili wa moto sana baada ya kukaa juani, apelekwe hospitali mara moja. Njiani mpanguse kwa maji ya kupoa na kumpepea.

Siku ile bibi alimpa binti yake maji ya dumu tuliyokuja nalo. Akanywa bilauri mbili kwa mkupuo. Kumbe yeye mwenyewe hakuwa amekunywa tangu asubuhi, maana maji ya tangi yalimchefua. Tukamkalisha chini ya mwembe wa jirani, akanyonyesha. Mtoto alinyonya, akatoka jasho kidogo puani, akalala. Kilio cha tangu asubuhi kilikuwa kiu.

Jumamosi mkwe wetu alichukua jembe akafukia bomba. Hatukumwambia maneno mengi, tulimwonyesha kiwiko. Safari iliyofuata tulishuka na mtungi tumeufunga kwa kanga, tumeupakata garini kama mtoto. Kondakta alituuliza kama mjini hakuna ndoo.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 10, alisema kwamba hata anayempa mmoja wa wadogo maji baridi anywe hatakosa thawabu yake. Tumezoea kuyasoma hayo kama jambo dogo kuliko yote ambalo mtu anaweza kufanya. Aliyekaa na mtoto mchana wa Februari anajua kwamba maji hayo hayapatikani bila mtu aliyeamka alfajiri, akachota, akafunika, akayaweka kivulini. Kesho, jua kabla halijatoka, nenda uani uguse bomba lako. Na saa nane mchana uliguse tena. Halafu amua pasheni utaipanda upande gani.