Broncos walimfuta Russell Wilson, lakini doh yake haikutoka kwa vitabu

Ukiskia timu ya NFL imefuta mchezaji, usidhani imeokoa doh. Kila msimu ligi huweka kikomo cha mishahara. 2024 kilikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Ujanja uko kwa bonasi: jamaa anapewa mkwanja mapema, lakini kwa hesabu za kikomo unagawanywa hadi miaka 5.

Poa, mpaka umfute. Bonasi ambayo haijahesabiwa, na mshahara ulioahidi kulipa liwe liwalo, vyote vinakuangukia. Waulize Denver Broncos. Machi 2024 walimwachilia Wilson, na dola milioni 85 zikabaki kwa hesabu zao, misimu 2. Yeye akaibukia Pittsburgh Steelers, ambao walimlipa kama milioni 1.2 tu. Hao ndio walikula vizuri, ama?