Licence ya biolojia: tuipime mbele ya kutoa franga

Mtoto akipata diploma ya serikali, wazazi wa Misisi, Lubichako na hapa Baraka wanauliza neno moja: minerval ni ngapi? Swali ni la haki, kwani franga zile zinatoka ndani ya shimo. Lakini hakuna mchimbaji anayenunua shimo kwa kusikia bei tu. Anaosha mchanga kwanza, aone kama zahabu iko. Masomo nayo tuyapime hivyo. Tuchukue biolojia, ambayo watoto wetu wa bio-chimie wanaipenda.

Kwanza, tujue tunanunua nini. Zamani kulikuwa graduat ya miaka 3, kisha licence ya miaka 2: jumla miaka 5. Kwa mfumo wa LMD, ulioenezwa nchi nzima tangu mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3 na krediti 180, ni kusema 60 kila mwaka. Master ni miaka 2 ingine. Jina ni lile lile, lakini mzigo si ule ule. Mzazi apange franga akijua hivyo.

Pili, masomo yanatayarisha kazi gani? ISP Bukavu inatayarisha walimu wa sekondari. Université Officielle de Bukavu ina biolojia ndani ya fakilte ya sayansi, na njia yake inaelekea zaidi utafiti. Zote mbili ni biolojia, lakini mtoto anayetaka kufundisha na yule anayetaka kuchunguza samaki hawaingie mlango mmoja.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: labo. Msiulize kama iko, kila mahali watasema iko. Ulizeni: mikroskopi moja ni ya wanafunzi wangapi? TP zinafanywa kweli, ao zinaandikwa tu ndani ya sillabi? Walimu wenye doctorat wanaishi pale, ao wanapita juma moja na kurudi kwao? Staji inafanyika wapi? Kivu ya Kusini ina kituo cha utafiti wa maji na samaki pale Uvira, na kile cha Lwiro. Masomo ya biolojia yasiyopeleka mtoto hata ku moja ya hizo, tuyatilie mashaka.

Kwa nini sisi wachimbaji tujali? Kwa sababu ya zebaki, ile dawa ya kukamata zahabu. Tukiichoma, moshi wake unaingia mapafuni. Ikifika mtoni, vijidudu vya ndani ya maji vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia samaki. Samaki mkubwa anakula wadogo, sumu inajikusanya. Mama mwenye mimba akila samaki yule, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kuumia. Nani atachukua samaki wa mito yetu na wa ziwa Tanganyika, awapime, atuambie ukweli? Ni mtoto aliyeshika vyombo kwa mikono, si yule aliyekariri sillabi.

Basi ndugu, mbele ya kulipa, tumeni mtu, ao muende wazazi wawili watatu pamoja. Msiishie ku biro ya usajili. Tafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mumuulize: tangu uingie hapa, umefanya TP ngapi kwa mikono yako? Jibu lake ndilo mizani.