Usiku wa Altamont

Wasomaji wetu, huenda katika nyumba zenu yumo kijana aombaye ruhusa ya kwenda kukesha penye muziki wa bendi nyingi, na baba yake hajui amjibu nini. Hatuandiki habari hii ili kumkataza mtu kusikiliza magitaa. Muziki wa roki si dhambi kwa kuwa una kelele. Hata ngoma za babu zetu zilisikiwa ng'ambo ya mto. Twaandika kwa sababu ya mambo yaliyotokea Marekani siku ya Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1969, ambayo yafaa wazazi na walimu wayajue.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, vijana wapata 400,000 walikuwa wamekusanyika shambani katika jimbo la New York, kwenye mkutano wa muziki ulioitwa Woodstock. Mvua iliwanyea, matope yakawajaa, walakini hawakupigana. Basi Rolling Stones, waimbaji wa Uingereza waliokuwa wakizunguka Marekani, wakataka kuimaliza safari yao kwa muziki wa bure katika California, pamoja na Santana, Jefferson Airplane, Flying Burrito Brothers, Crosby, Stills, Nash & Young, na Grateful Dead. Wote walidhani ya kuwa mambo yatakwenda kama yalivyokwenda Agosti.

Lakini uwanja waliouchagua, uitwao Sears Point, uliwaponyoka kwa ugomvi wa fedha na haki za filamu. Zikiwa zimebaki siku mbili tu, wakahamia Altamont, uwanja wa mashindano ya motokaa ulio kati ya miji ya Tracy na Livermore. Jukwaa lilikuwa limepimwa kwa ajili ya Sears Point, ambako lingalisimama juu ya kilima, kwa hiyo kimo chake kilikuwa kama mita moja tu. Huko Altamont likawekwa chini ya mteremko, na watu wapata 300,000 wakakaa juu yake. Mwalimu yeyote aliyepata kuwapanga watoto 60 mlangoni pa darasa aweza kufahamu neno hili: wa nyuma husukuma, na wa mbele hawana pa kwenda ila jukwaani. Vyoo vilikuwa vichache, na madawa ya kulevya yalipita mkono kwa mkono.

Je, ni nani aliyelilinda jukwaa? Hells Angels, chama cha waendesha pikipiki waliojulikana kwa ukali wao. Ujira wao ulikuwa bia ya dola 500. Mkubwa wao mmoja alisema baadaye ya kuwa hawakuambiwa kufanya kazi ya polisi, bali kukaa ukingoni mwa jukwaa na kunywa. Mimi naona maneno hayo hayamwondolei mpigaji lawama, wala hayamwondolei yule aliyewaweka pale.

Santana walipoanza kupiga, mapigano nayo yakaanza. Walinzi wale walishika fimbo za kuchezea biliadi, wakawapiga nazo vijana waliosogea. Ilipofika zamu ya Jefferson Airplane, mwimbaji wao Marty Balin akaona mtu anapigwa mbele yake, akaingia ili kumwokoa. Naye akapigwa hata akazimia. Grateful Dead, waliokuwa wamesaidia kuutengeneza mkutano huo, walipopata habari wakarudi zao pasipo kupiga hata wimbo mmoja.

Rolling Stones hawakupanda jukwaani mpaka giza lilipoingia. Mick Jagger, kiongozi wao, alikuwa amekwisha kupigwa usoni na kijana mmoja mara aliposhuka katika helikopta mchana. Sasa akasimama mbele ya watu, akawasihi watulie. Muziki ukakatika, ukaanza tena, ukakatika tena. Mwandishi wa habari hii ameitazama filamu iliyotolewa mwaka 1970, iitwayo Gimme Shelter, na jambo linalotia huruma kuliko yote ni nyuso za vijana wa mbele. Hawachezi tena. Wanatazama juu kama watoto wanaongoja baba aseme neno, na yule anayetazamwa hana neno.

Palikuwapo kijana mweusi wa Berkeley, jina lake Meredith Hunter, umri wake miaka 18, amevaa suti ya rangi ya majani. Alisukumwa mbali na jukwaa, akarudi na bastola mkononi. Kwa nini aliitoa, watu wanabishana hata leo. Mmoja wa Hells Angels, Alan Passaro, akamchoma kisu, na wenzake wakampiga. Akafa pale pale uwanjani. Waimbaji hawakujua ya kuwa mtu amekufa, tena waliogopa wakiondoka ghafula ghasia itazidi. Wakaendelea mpaka mwisho, kisha wakakimbilia helikopta iliyojaa kupita kiasi.

Watu wengine watatu walikufa usiku ule: wawili waligongwa na motokaa walipokuwa wamepumzika, na mmoja alizama katika mfereji wa maji. Majina yao hayatajwi sana, kwa kuwa filamu haikuwaona.

Mwezi wa Januari 1971 Passaro alihukumiwa mbele ya baraza, nalo, baada ya kuonyeshwa picha za bastola ile, likamwachilia kwamba alijikinga. Mama yake Hunter aliwashitaki Rolling Stones, akalipwa dola 10,000. Mwanawe alizikwa Vallejo, na kaburi lake likakaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe wala jina, mpaka mtu mmoja alipotengeneza filamu fupi juu ya kaburi hilo, na watu walioiona wakachanga fedha za jiwe.