Mfunze Kabla ya Mto Kufurika

Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani aliunda ndege ya mazoezi isiyopaa, ili marubani wakosee bila kufa. Leo mafundi huvaa miwani ya uhalisia pepe, yaani yenye kuonyesha kisichokuwapo. Huuona mtambo ambao haujajengwa bado, wakasahihisha kasoro zake mapema.

Hapa Ifakara hekima hiyo twaijua. Taasisi ya Afya imejenga vyumba vikubwa vya wavu, na ndani yake vibanda na mimea kama kijijini. Humo mitego hujaribiwa kwa mbu wasio na vijidudu vya malaria, kabla ya kufika kwako.

Nawe mzazi, usimpe mwanao kafi mara ya kwanza Kilombero ikiwa imefurika. Mfunze penye maji ya magotini. Hapo mtumbwi ukipinduka, mtacheka, kule mtalia.