PgBouncer yafunga mlango ulioacha maneno ya siri ya zamani kupita

Mfanyakazi wa kampuni fulani anaacha kazi. Neno lake la siri liliwekewa tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo imekwisha kupita. Hata hivyo anajaribu kuingia katika serveri, na mlango unafunguka kama zamani.

Jambo hilo liliweza kutokea kwa wanaotumia PgBouncer, programu inayosimama mbele ya hifadhidata za PostgreSQL. Siku ya tatu, tarehe 16 mwezi wa nne 2025, wanaoitengeneza walitoa toleo 1.24.1 ili kusahihisha kosa hilo. Katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, kosa lenyewe linaitwa CVE-2025-2291.

Kazi ya PgBouncer ni gani?

Hifadhidata ni mahali ambapo programu zinaweka majina ya wateja, hesabu, malipo na mengine. PostgreSQL ni moja ya hifadhidata zinazotumiwa sana duniani, na ni ya bure. Lakini iko na tabia moja: kila anayeingia anafunguliwa kazi yake ya pekee ndani ya serveri, na kila kazi inakula kumbukumbu ya ordinatere. Kama mpangilio wake wa kwanza haukubadilishwa, inakubali watu 100 tu kwa wakati mmoja.

Ni kama banki yenye madirisha matano na wateja mia mbili. Haiwezekani kila mteja apewe dirisha lake. PgBouncer inakuwa msimamizi wa foleni: inapokea wateja wote mlangoni, kisha inapeleka kila mmoja kwenye dirisha lililo wazi. Mteja akimaliza, dirisha linapewa mwingine. Kwa njia hiyo miunganisho michache inatumikia watu wengi.

Programu hiyo ilizaliwa ndani ya kampuni Skype, kwa mikono ya Marko Kreen, na ilitolewa kwa watu wote mwaka wa 2007. Mpaka leo ni ya bure, na kila mtu anaweza kusoma jinsi iliandikwa.

Kosa lilikuwa wapi?

Msimamizi wa foleni ndiye pia anaangalia vitambulisho. Mtu akija, PgBouncer inaweza kuuliza hifadhidata neno la siri la mtu huyo ni lipi, kupitia ulizo linaloitwa auth_query. Hapo ndipo kosa lilijificha. Ulizo la kawaida lililetwa na programu lilitafuta jina na neno la siri tu. Halikuuliza kama tarehe ya mwisho imepita.

PostgreSQL yenyewe, mtu akiingia moja kwa moja kwa neno la siri, inaangalia tarehe hiyo na kumkatalia aliyechelewa. Lakini aliyepitia kwa PgBouncer alikutana na mlinzi aliyesoma jina kwenye kitambulisho bila kusoma tarehe. Kwa kampuni inayotegemea tarehe hizo ili kuondoa wafanyakazi wa muda, ulinzi huo ulikuwa wa karatasi tu.

Katika toleo 1.24.1, ulizo la kawaida limebadilishwa. Sasa, tarehe ikiwa imepita, hifadhidata hairudishi neno la siri, na mtu anabaki inje.

Kupakua peke yake hakutoshi

Hapa mafundi wanapaswa kuwa waangalifu. Sahihisho linagusa ulizo la kawaida tu. Mafundi wengi huandika auth_query yao wenyewe katika mpangilio, na toleo jipya haliwezi kuigusa. Hao wanapaswa kuongeza wenyewe sharti la tarehe, la sivyo mlango utabaki wazi hata kama namba ya toleo ni mpya.

Tena, majina yaliyoandikwa katika faili ya PgBouncer yenyewe hayapitie kwa ulizo hilo. Huyo anapaswa kufutwa kwa mkono siku anapoondoka.

Mabadiliko mengine

Matoleo yaliyotangulia yalileta pia mambo makubwa. Kwa miaka mingi, programu zilizotayarisha maulizo mbele ya wakati zilipata makosa zikipitia kwa PgBouncer: ulizo lilitayarishwa kwenye dirisha moja, kisha mteja akapelekwa kwenye lingine lisilolijua. Toleo 1.21, la mwezi wa kumi 2023, lilimaliza tatizo hilo kwa kukumbuka maulizo na kuyatayarisha upya panapohitajika. Toleo 1.24.0, la mwezi wa kwanza 2025, liliwasha msaada huo bila fundi kuuomba, kwa kuweka max_prepared_statements kuwa 200.

Na toleo 1.23, la mwaka wa 2024, lilirahisisha kuzima PgBouncer moja huku nyingine ikiendelea kupokea watu, wateja wa ile ya kwanza wakimaliza kazi yao kwa utulivu. Kwa hiyo, hofu ya kukata kazi ya wateja si sababu tena ya kuchelewesha toleo jipya.

Namna ya kujihakikishia

Njia ya kujua kama mlango umefungwa ni rahisi. Fundi anatengeneza mtumiaji wa majaribio ndani ya PostgreSQL, bila kumwandika katika faili ya PgBouncer, na kumwekea tarehe ya mwisho ya jana. Kisha anajaribu kuingia kwa jina hilo kupitia kwa PgBouncer, ambayo kwa kawaida inasikiliza kwenye mlango namba 6432, si 5432 wa PostgreSQL. Akikataliwa, kazi imefanyika. Akipita, arudie kusoma auth_query yake leo hii, kisha afute huyo mtumiaji wa majaribio.