Kioo Kinachoonyesha Wimbi Lisilokuwepo

Oskiloskopu ya USB, kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, haina vitufe vya kuzungusha. Ni kiboksi chenye matundu ya kuingizia ishara na waya wa kwenda kwenye kompyuta. Mengine yote huamuliwa na programu. Ukitumia programu ya mtengenezaji, maamuzi hayo hufanyika bila wewe kuyaona. Ukiandika ya kwako, ni juu yako kuchagua kasi ya kuchukua sampuli na kipimo cha muda, na hapo ndipo kioo huweza kukuletea picha safi, nzuri na ya uongo.

Tuchukue PicoScope 2204A, kifaa cha kampuni ya Pico Technology ya Uingereza. Kwenye chaneli moja huchukua hadi sampuli milioni 100 kwa sekunde, lakini kumbukumbu yake ni ya sampuli 8,000 tu. Kwa kasi hiyo kumbukumbu hujaa ndani ya mikrosekunde 80. Tuseme unapima volti 5 zinazotoka kwenye chaja ya simu ya bei rahisi. (Pima upande wa kutoka tu. Waya wa ardhi wa probu umeungana na ardhi ya kompyuta, kwa hiyo usiuguse kamwe upande wa umeme wa ukutani.) Humo mna mitikisiko miwili: ule wa hezi 100, uliobaki baada ya daiodi kunyoosha umeme wetu wa hezi 50, na ule wa swichi ya ndani ya chaja, tuseme mara 60,000 kwa sekunde. Katika mikrosekunde 80 utaona karibu mawimbi matano ya swichi. Mtikisiko wa hezi 100, ambao wimbi lake moja huchukua milisekunde 10, hutauona kabisa.

Basi unapanua kioo. Unataka milisekunde 100, yaani visanduku 10 vya milisekunde 10. Muda wa kioo ni idadi ya sampuli mara nafasi kati ya sampuli na sampuli, na idadi hiyo imefungwa na kumbukumbu. Ukirefusha muda, lazima kasi ishuke.

Kifaa hiki hakikubali nafasi yoyote unayoitaka. Unakipa namba: 0 ni nanosekunde 10, na kila namba inayofuata huongeza nafasi mara mbili. Namba 10 hutoa nanosekunde 10,240. Sampuli 8,000 hufika milisekunde 82 tu, hazitoshi. Namba 11 hutoa 20,480, na sampuli 4,883 zinatosha. Ukifungua chaneli zote mbili kumbukumbu hugawanywa, sampuli hizo hazienei tena, na inabidi uende namba 12.

Mwandishi wa programu aliyeomba nanosekunde 20,000 akapewa 20,480, kisha akachora mhimili wake kwa 20,000, ataona mtikisiko wa hezi 100 ukisomeka hezi 102.4. Ataanza kuilaumu gridi ya umeme. Dawa ni kukiuliza kifaa chenyewe kupitia programu yako: amri ya ps2000_get_timebase hurudisha nafasi halisi kwa nanosekunde pamoja na idadi kubwa kabisa ya sampuli zinazowezekana. Chora kwa namba hiyo, si kwa ile uliyoitamani.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua. Kwa namba 11 unachukua sampuli 48,828 kwa sekunde. Kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, ambayo Claude Shannon aliithibitisha kihisabati mwaka 1949, inatuonyesha kuwa sampuli hizo zinaweza kubeba kwa uaminifu mawimbi yaliyo chini ya nusu ya kasi hiyo tu, yaani hezi 24,414. Swichi ya hezi 60,000 iko juu ya mpaka, lakini haipotei. Hujitokeza kama wimbi la hezi 11,172, limechorwa vizuri kabisa. Vivyo hivyo, mtu wa pwani anayetazama bahari mara moja tu kwa siku, kila adhuhuri, ataona maji yakijaa na kupwa polepole, mzunguko mmoja kwa karibu siku 15, ilhali hujaa na kupwa mara mbili kila siku.

Kulinasa wimbi la uongo ni rahisi: badilisha kipimo cha muda. Kwa namba 10 wimbi lile lile linaruka hadi hezi 37,656. Wimbi la kweli halihami kwa sababu umebadilisha mpangilio wa programu. Kwa namba 9 linatulia kwenye 60,000, mahali pake halisi, ila kioo sasa kinabeba milisekunde 41 tu.

Kuchuja data kwa programu baadaye hakusaidii, kwa sababu hezi 11,172 za uongo na za kweli zimeandikwa kwa namba zile zile. Chujio liwe kabla ya kifaa: rezista ya kilo-om 1 na kapasita ya nanofaradi 100 huacha hezi 100 zipite bila kuguswa, na hupunguza hezi 60,000 hadi karibu sehemu moja ya 38. Hapo namba 11 inafaa kwa mtikisiko wa polepole. Ukitaka kuiona swichi, chomoa chujio, rudi namba 0, na upige picha ya pili.